Mshahara wa Kwanza na Mwanzo wa Kazi za Informatiki Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vijana wanaomaliza masomo ya informatiki hapa Lubumbashi, na kwa wazazi waliolipa karo miaka yote hiyo na sasa wanauliza kazi iko wapi. Yanahusu Haut-Katanga pamoja na Lualaba, kwa sababu soko la kazi la majimbo haya mawili ni moja: ofisi ya kampuni iko mjini, mgodi wake uko upande wa Fungurume au Kolwezi.

Mtu aliyetoka shuleni huanza na kazi gani hasa?

Mara nyingi huanza na kuwahudumia watumiaji, hata kama diploma yake inasema mhandisi. Kazi hiyo huitwa fundi wa informatiki, msaidizi wa informatiki au wakala wa msaada, lakini shughuli zake zinafanana: kuunganisha printa, kufungua akaunti ya mfanyakazi mpya, kurudisha faili iliyofutwa, kuvuta kebo kutoka kwenye swichi hadi meza ya mhasibu, na kupokea simu ya mzee wa idara ya ununuzi anayesema kwamba mashini inakatala. Wachache huingia moja kwa moja katika utengenezaji wa programu, hasa katika benki, kampuni za simu na karakana ndogo zinazounda programu za usimamizi kwa shule, hospitali na maduka. Wengine huanzia katika mitandao: wanapanda minara, wanaelekeza antena, wanasanidi ruta za MikroTik kwa wateja wa intaneti.

Kuna mlango wa nne ambao vijana wengi huudharau, nao ni programu za uhasibu na usimamizi kama Sage na Odoo. Anayeelewa jinsi ankara inavyoingia katika vitabu vya hesabu, na pia anajua kutunza hifadhidata iliyo nyuma yake, hakai muda mrefu bila kazi katika mji wa wafanyabiashara kama huu.

Mshahara wa kuanzia huamuliwa na nini?

Kwanza kabisa, huamuliwa na jina la mwajiri lililo juu ya mkataba. Vijana wawili wanaweza kukaa katika chumba kimoja cha seva na kutunza mashine zile zile, mmoja akiwa mwajiriwa wa kampuni ya mgodi yenyewe, mwingine akiwa mwajiriwa wa kampuni ndogo iliyopewa kazi hiyo, na malipo yao yakaachana mbali. Tofauti hiyo huonekana zaidi katika matibabu ya familia, malipo ya nyumba, usafiri na uhakika wa kubaki kazini.

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliwahifadhia wakandarasi wadogo wenye mtaji ulio zaidi mikononi mwa Wakongomani kazi zinazotolewa na kampuni kubwa, na ARSP, mamlaka ya serikali ya kudhibiti ukandarasi mdogo, husimamia jambo hilo. Kutokana na hilo, sehemu kubwa ya matengenezo ya kompyuta, kamera, redio na mitandao migodini hufanywa na kampuni za wenyeji, na huko ndiko wengi hupata kazi ya kwanza. Si jambo la kukimbia, mradi uulize mapema swali moja ambalo watu huona haya kuliuliza: mkataba wa kampuni hii na mteja wake unakwisha lini? Ukibaki miezi minne tu, ahadi yoyote ya mshahara uliyopewa ina umri huo huo.

Aina ya mwajiri hufuata. Kwa kawaida migodi mikubwa ndiyo inayolipa vizuri zaidi, ikifuatwa na kampuni za simu, benki na mashirika ya kimataifa. Nyuma yao ziko karakana za programu na watoa huduma wa intaneti, kisha shule, vituo vya afya na maduka ya vifaa. Mashirika ya umma yana vyeo vizuri katika karatasi, lakini uliza kwanza kama mshahara hutoka kila mwezi. Angalia pia makao makuu yako wapi. Kampuni za simu zina ofisi hapa, lakini nafasi nyingi za uhandisi wa mifumo ziko Kinshasa, na tawi la Lubumbashi hubaki na matengenezo na mauzo. Mwajiri ambaye makao yake makuu yako hapa hapa, kama benki ya TMB iliyoanzishwa mwaka 2004 katika mji huu na ambayo sasa ni sehemu ya kundi la benki la KCB la Kenya, ana kazi za ndani zaidi za kutoa karibu.

Lugha ya programu unayoipenda huja mwisho kabisa katika hesabu hii.

Je, kuna kiwango cha chini kinachowekwa na sheria?

Kipo. Mshahara wa chini wa taifa, unaojulikana kama SMIG, uliwekwa mwaka 2018 kuwa franka 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 ukapandishwa kwa hatua mbili, kwanza hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, kiwango hiki cha mwisho ni franka 559,000.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiasi hicho ni cha mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi. Juu yake kuna ngazi za wafanyakazi wenye ujuzi kiasi, wenye ujuzi, wenye ujuzi wa juu, wasimamizi, hadi kada (maofisa wa ngazi ya juu), na pengo kati ya ngazi ya chini na ya juu kabisa ni la moja kwa kumi. Kwa hiyo mwenye diploma ya chuo kikuu anayelipwa SMIG tupu amewekwa katika ngazi isiyo yake. Kabla ya kusaini, tafuta mstari unaotaja kategoria yako, na kama haupo, omba uandikwe. Ubishi mwingi wa mishahara unaofika kwa inspekta wa kazi ungeisha kwenye mstari huo.

Nikiahidiwa franka 1,200,000 kwa mwezi, nitapokea ngapi mkononi?

Inategemea kama kiasi hicho ni kabla ya makato au baada yake, na mara nyingi anayekuahidi hasemi. Tuchukue kwamba ni kabla ya makato, na kwamba wewe ni mseja. Kwanza hukatwa asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani franka 60,000; mwajiri naye hulipa asilimia 13 kutoka mfukoni mwake, ambayo haigusi mshahara wako. Inabaki 1,140,000, na hapo ndipo kodi ya mshahara, IPR, inapohesabiwa kwa vipande. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, franka 162,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 3, sawa na 4,860. Kinachozidi hapo hadi 1,800,000 hutozwa asilimia 15, na kwako ni 978,000 zinazozaa kodi ya 146,700. Jumla ya kodi ni 151,560. Mkononi unapokea franka 988,440.

Ukiwa na mke na watoto, kodi hupunguzwa kwa asilimia 2 kwa kila mtu unayemlea, hadi watu tisa. Viwango hivi huweza kuguswa na sheria ya fedha, kwa hiyo hesabu upya kwa jedwali la mwaka unaoajiriwa.

Mwajiri analazimika kukupa hesabu ya maandishi ya kila malipo. Ukiipokea mara ya kwanza, usiangalie tarakimu ya chini peke yake. Angalia kama nyumba na usafiri vimewekwa kwenye mistari yao, kwa sababu kisheria vitu hivyo, pamoja na matibabu, si sehemu ya mshahara: mwajiri anayekuambia kwamba “vyote vimo ndani” amekupunguzia bila kukuambia. Angalia pia kama namba yako ya CNSS imeandikwa. Makato bila namba ni pesa inayotoka kwako bila kuonekana inakokwenda.

Mkataba uwe kwa franka au kwa dola?

Sheria ya kazi inataka mshahara utajwe kwa sarafu halali ya nchi, ilhali mjini kodi ya nyumba, bei ya kompyuta na mazungumzo mengi ya mshahara huenda kwa dola. Njia ya katikati ambayo kampuni nyingi hutumia ni kutaja dola kama kipimo na kulipa kwa franka. Hapo uliza ni kiwango kipi cha kubadilisha kitatumika na cha tarehe ipi, na kiandikwe. Mwaka 2025 franka ilipopanda thamani ghafla, waliokuwa na kiwango kisichoandikwa walijifunza umuhimu wa sentensi hiyo moja.

Mbona kwenye intaneti naona mishahara ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka?

Takwimu hizo ni za kweli, lakini ni za Marekani. Ofisi ya takwimu za kazi ya huko ilionyesha kwamba Mei 2024 mshahara wa kati wa mtengeneza programu ulikuwa dola 133,080 kwa mwaka, na wa mtaalamu wa msaada wa kompyuta dola 61,550. Mshahara wa kati maana yake nusu ya watu wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata pungufu, wakiwemo wenye miaka ishirini kazini; hata huko si mshahara wa kuanzia. Linalofaa kuchukuliwa kutoka kwenye tarakimu hizo ni uwiano: anayetengeneza programu hupata zaidi ya mara mbili ya anayehudumia watumiaji. Hapa kwetu uwiano huo haushiki sawasawa, kwa kuwa fundi wa mtandao aliye mgodini anaweza kumpita kwa mbali mtengeneza programu wa karakana ndogo ya mjini.

Staji isiyo na malipo ivumiliwe kwa muda gani?

Staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ikiwa ya masomo ni sehemu ya masomo, na haina ubishi. Tatizo ni ile ya baada ya diploma, ambayo huanza kwa miezi mitatu, ikaongezwa mitatu, kisha mwaka ukapita huku kijana akifungua ofisi asubuhi kabla ya mkubwa wake. Kwa maoni yangu miezi mitatu inatosha, na ndani yake angalau nauli ya basi ilipwe. Kipimo si hisani ya mwajiri bali kazi unayopewa: siku utakapokabidhiwa neno la siri la seva na kuachiwa zamu peke yako, wewe si mwanafunzi tena, na huo ndio wakati wa kuomba mkataba. Kubali kuendelea tu kama kuna jambo kubwa unalojifunza ambalo huwezi kulipata kwingine.

Muda wa majaribio ni miezi mingapi?

Usizidi miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi, na lazima uandikwe. Wakati wa majaribio unalipwa mshahara. Si staji kwa jina jingine.

Nimepewa mkataba wa muda maalumu. Je, ni kawaida?

Ni kawaida sana kwa anayeanza, lakini sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka mipaka. Mkataba wa muda maalumu hauwezi kupita miaka miwili, wala mwaka mmoja kwa aliyeoa au kuolewa anayetenganishwa na familia yake, na unaweza kufanywa upya mara moja tu. Kazi ikifanyika bila karatasi yoyote, mkataba hudhaniwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kwa wale wanaoitwa siku kwa siku kuvuta kebo: ukishafanya siku 22 katika kipindi cha miezi miwili, kuitwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha huhesabiwa kuwa ajira isiyo na kikomo. Weka daftari la tarehe zako, na jumbe za simu unazoitiwa kazini usizifute.

Diploma ipi inaangaliwa zaidi?

Kwa sasa meza moja ya usaili inaweza kuwa na watu wa mifumo miwili. Wa zamani wana gradua ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili juu yake. Wa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022, wana lisansi ya miaka mitatu. Waajiri wengine bado wanachanganya, kwa hiyo andika katika wasifu wako idadi ya miaka uliyosoma baada ya diploma ya taifa ya kumaliza sekondari, si jina la shahada tu.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina jina la zamani na wahitimu waliotawanyika kila mahali, jambo ambalo si dogo. Shule ya informatiki ya Salama, iliyoanzishwa na Wasalesiani wa Don Bosco, inajulikana kwa mafunzo ya vitendo. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, hutoa mafunzo mafupi ya ufundi, na kwa aliyekosa karo ya chuo ni njia ya heshima. Hata hivyo katika nafasi za msaada na mitandao, mara nyingi diploma hukufikisha mlangoni, na jaribio la vitendo ndilo huamua.

Jaribio hilo huwaje?

Kwa mitandao, unaweza kupewa kipande cha kebo, plagi mbili za mtandao za RJ45, koleo na kipima kebo, ukaambiwa una dakika kumi. Anayejua hupanga nyaya bila kuuliza: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, huzikata ziwe sawa, husukuma mpaka shaba zionekane kwenye ncha ya plagi, na huhakikisha ganda la kebo limeingia ndani ili lisivutike. Taa nane za kipimaji zikiwaka kwa mfuatano, amepita hatua ya kwanza. Ya pili huwa ni karatasi: mtandao wa /26 una anwani ngapi zinazotumika? Jibu ni 62, na anayehitaji simu kulipata hujulikana.

Kwa programu, huombwa swali la SQL, lugha ya hifadhidata, lenye jedwali mbili au tatu, au hupewa msimbo wenye kasoro. Kwa msaada, mwajiri mwerevu hatakuuliza ufafanuzi wa mfumo endeshi. Atakuambia kwamba mkurugenzi hapati baruapepe na ana mkutano baada ya dakika tano, kisha atasikiliza unaanza wapi na unamjibu kwa sauti gani.

Vyeti vya kimataifa vina faida kwa pesa zake?

Kimoja kilichochaguliwa vizuri, ndiyo. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hugharimu dola 300 kabla ya kodi, na cheti hudumu miaka mitatu. Hizo ni pesa nyingi kwa asiye na kazi, kwa hiyo ushauri wangu ni kusoma maudhui yake yote sasa na kulipa mtihani ukishaajiriwa, ikiwezekana kwa mfuko wa mwajiri. Isipokuwa tangazo la kazi unayoitaka linakitaja kwa jina. Kukusanya vyeti vitano vya siku moja moja hakumdanganyi mtu.

Kifaransa kinatosha?

Kwa benki na ofisi za mjini kinatosha. Migodini ripoti na mikutano mingi ya kiufundi hufanyika kwa Kiingereza, na katika kampuni za Wachina anayejua Kimandarini hata kidogo hutafutwa. Kiswahili hakiandikwi katika matangazo, ila fundi asiyeweza kumweleza dereva wa mtambo tatizo la redio yake kwa Kiswahili chepesi hadumu.

Niende mgodini au nibaki mjini?

Mgodini pesa ni nyingi zaidi na matumizi ni machache, kwa kuwa unalala kambini na kula kantini. Unafanya zamu za majuma kadhaa, kisha unarudi nyumbani kupumzika. Ubaya wake ni kwamba mifumo mingi imefungwa na wasambazaji wa ng'ambo, na fundi wa ndani anaweza kukaa miaka akibadilisha betri za redio bila kugusa usanidi. Nenda, lakini uliza utatunza kitu gani hasa. Pia hesabu saa: kikomo cha sheria ni saa 45 kwa juma, na saa sita za kwanza zinazozidi hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na kazi ya siku ya mapumziko asilimia 100.

Je, naweza kufanya kazi ya kampuni ya nje nikiwa nyumbani?

Inawezekana, ingawa ni nadra kuwa kazi ya kwanza. Saa zetu ni zile za Johannesburg, saa moja nyuma ya Nairobi, na Brussels haiko mbali, kwa hiyo mikutano si taabu. Taabu ni umeme unaokatwa, na gharama ya betri na paneli za jua ni yako. Starlink, intaneti ya satelaiti iliyokuwa imepigwa marufuku mwaka 2024, ilipewa leseni Mei 2025, na waliokuwa mitaa isiyofikiwa na faiba wamepumua. Kumbuka kwamba mwajiri wa nje hakulipii CNSS wala matibabu. Dola zake uzipunguze kwa gharama hizo kabla ya kuzilinganisha na mshahara wa benki.

Bila kujuana na mtu, nitapata kazi kweli?

Nafasi nyingi hupita midomoni kabla ya kubandikwa, hilo ni kweli. Lakini anayependekezwa mara nyingi ni yule aliyefanya staji vizuri mahali fulani, na hao wanaokupendekeza unaweza kuwatengeneza mwenyewe. Yeyote anayekuomba pesa ya faili, ya sare au ya kupimwa afya kabla ya mkataba ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo.

Baada ya miaka miwili au mitatu, njia zinaelekea wapi?

Kutoka msaada, wengi hupanda kuwa wasimamizi wa mifumo, wakitunza seva, nakala za akiba na akaunti za kampuni nzima. Hapo ndipo mshahara huruka mara ya kwanza. Wa mitandao huelekea usalama, na hitaji limekua tangu Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, iliyoweka wajibu juu ya data za watu. Wa programu huvutwa na malipo ya simu, kwa kuwa kila duka, shule na kanisa linataka kuunganishwa na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Wengine hugeuka wachambuzi wa data, wakianzia Excel, na wasione haya kwa mwanzo huo.

Anayebaki fundi wa kila kitu kwa miaka mitano hulipwa kama fundi wa kila kitu. Mwaka wa pili chagua kimoja.

Nikipata kazi bora, naondokaje?

Kwa mkataba usio na kikomo, mwajiri anayekuachisha lazima atoe taarifa ya siku 14 za kazi, akiongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika. Wewe ukiondoka unadaiwa nusu ya hizo. Aliyefanya miaka miwili, basi, anatoa taarifa ya siku 14 za kazi. Iandike, ipeleke nakala mbili, na moja irudi ikiwa imepigwa mhuri wa kupokelewa. Kabidhi maneno ya siri kwa orodha iliyosainiwa na anayeyapokea, ili seva ikianguka mwezi ujao usitafutwe. Mkataba ukiisha, mwajiri ana siku mbili za kazi kukupa cheti kinachotaja aina ya kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya hifadhi ya jamii. Hakikisha aina ya kazi imeandikwa ile uliyoifanya kweli: aliyesimamia seva na kuandikiwa “msaidizi wa ofisi” ataanza mazungumzo ya mshahara unaofuata kutoka ngazi ya chini.